Ziwa Michaelson kwenda na kurudi siku moja kupitia Chogoria, msimu wa maua (uzi mrefu)

Mwanamlima:

Wadau wa milima, salamu.

Kila mvua za masika zikikaribia kuisha, swali hurudi humu: Ziwa Michaelson linaendeka na kurudika siku moja? Majibu huwa mawili tu, "unaweza kabisa" na "usithubutu", na hakuna hata moja linalomsaidia mtu anayefunga mkoba Ijumaa jioni. Linaendeka. Ila ni siku ndefu na ngumu, na ugumu wake hauko pale wengi wanapoutarajia. Nitaandika kwa kirefu; mwenye haraka aruke aya.

Ziwa liko upande wa mashariki wa Mlima Kenya, ndani ya Bonde la Gorges, karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Bonde lilichongwa na barafu enzi zile barafu ya mlima iliposhuka hadi chini huko. Ndiyo maana kuta zake zimesimama wima na sakafu yake inapanda kwa ngazi: unatembea tambarare, unakutana na mwinuko mkali, ukiumaliza kuna tambarare nyingine. Ziwa limekaa nyuma ya ngazi mojawapo, limezungukwa na majabali, na hulioni mpaka uko karibu kabisa. Maji ya bonde hilo ndiyo mto Nithi, ule ulioipa kaunti ya Tharaka-Nithi nusu ya jina lake, na mwisho wake ni Tana.

Kutoka mjini Chogoria hadi geti la hifadhi ni zaidi ya kilomita 20 za barabara ya msituni: miti mikubwa kwanza, halafu mianzi. Mvua ikinyesha, pale panahitaji gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, na dereva anayeijua barabara. Geti liko mita 2,950 hivi. Gari linaweza kuendelea hadi mita 3,300, mahali panapoitwa Roadhead, na hapo ndipo miguu inapoanza kazi. Ukihesabu tofauti ya mwinuko kati ya hapo na ziwani, utaona ni mita 700 au pungufu, ukajiambia si kitu. Njia lakini haipandi moja kwa moja. Inapanda, inashuka, inavuka vijito, inapanda tena, na zile ulizoshuka asubuhi utazipanda alasiri ukiwa umechoka.

Watu wengi huchukua saa tano au sita kufika na saa nne kurudi. Jua la huku linazama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni, mwaka mzima, bila kukuongezea dakika za huruma. Kwa hiyo hesabu inajifunga yenyewe: uanze kutembea saa kumi na mbili asubuhi kukipambazuka, na saa saba mchana ikufikie umeshageuka, hata kama ziwa umelisikia tu kwa jina na hujaliona.

Usiku wa kuamkia safari lala juu, getini au Roadhead. Hili silisemi kama pendekezo. Nairobi iko karibu mita 1,700. Mtu anayetoka Nairobi usiku wa manane, afike alfajiri na kuanza kupanda, anaupa mwili wake zaidi ya mita 2,000 za mwinuko kabla ya chakula cha mchana. Kwenye mita 4,000 shinikizo la hewa ni kama asilimia 60 ya lile la Mombasa, maana yake kila pumzi inakuletea oksijeni pungufu kwa kama asilimia 40. Mwili hujirekebisha, lakini unataka muda, na usiku mmoja kwenye mita 3,000 ndio muda mdogo kabisa wa kuupa. Mbili ni bora.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nianzishe uzi. Watu huyachukulia maua kama pambo la safari: ukipata nafasi utapiga picha. Mimi naona maua ndiyo yanayokupa mwendo sahihi. Anayesimama kila baada ya hatua mia kuinama kwenye ua anapumua, moyo unatulia, anakunywa maji, anaangalia wingu liko wapi. Ndio mwendo ule ule ambao kiongozi wa mlima anakuomba uende akisema pole pole. Kipimo changu ni hiki: ukishindwa kusema sentensi nzima bila kuhema, umezidisha. Simama, tafuta ua, liangalie.

Naendelea hapa chini na maua yenyewe.

---

Mwanamlima:

Kwanza msimu. Hapa tuko kwenye ikweta, hakuna majira moja ambayo mlima wote unachanua kwa pamoja. Maua hufuata mvua. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, na mlima unapendeza zaidi mvua zinapokwisha na jua likarudi huku ardhi bado imeloa: Juni mwishoni na Julai, kisha Januari. Upande huu wa mashariki hupata mvua nyingi kuliko upande wa Sirimon, njia ya kaskazini-magharibi, kwa hiyo majani ni mengi na tope pia ni jingi.

Ukitoka Roadhead unaingia kwenye vichaka vya Erica, vingine virefu kuliko mtu, vyenye ndevu za kijivu zinazoning'inia na kukulowesha mabega asubuhi. Humo tafuta Protea, ua kubwa la rangi ya maziwa. Pembezoni mwa vijito kuna Kniphofia thomsonii, mashina marefu yenye vichwa vya rangi ya chungwa na njano. Huhitaji kuitafuta, itakuita yenyewe. Kwenye mawe utaona gladiola nyekundu, Gladiolus watsonioides, imeinamisha kichwa. Ukiwa na bahati na macho ya chini, kuna okidi ya zambarau, Disa stairsii, iliyosimama katikati ya nyasi. Na Helichrysum ziko kila mahali, nyeupe, njano, nyingine zina wekundu nyuma. Ziguse: vile vinavyofanana na petali ni vikavu hata ua likiwa hai.

Vichaka vikiisha, nyika inafunguka. Hapa ndipo wageni huanza kuuliza kama bado tuko Kenya. Kuna seneshio la chini, Dendrosenecio keniensis, ambalo wengi huliita kabichi, limejaa sehemu zenye majimaji. Juu zaidi kuna ndugu yake wa mti, Dendrosenecio keniodendron. Majani ya mti huu yakifa hayadondoki; yanabaki yamelifunika shina na kulikinga na baridi ya usiku. Tafadhali msiyang'oe kuwa godoro la kukalia. Mti uliovuliwa unabaki uchi mbele ya usiku wa kuganda, na huo ni usiku wa kila siku pale juu. Hauchanui kila mwaka. Hupita miaka kadhaa, halafu mingi inachanua pamoja.

Lobelia ndizo nitakazokaa nazo. Ziko aina mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza hukaa penye unyevu, na kwa miaka mingi imejulikana kama Lobelia keniensis. Majani yake yamejipanga duara yakashikana, na katikati yanatunza maji. Ukiikuta asubuhi ikiwa bado kivulini, chuchumaa uangalie ndani. Juu kuna kibamba cha barafu chenye viputo vya hewa vilivyonaswa. Chini yake maji hayajaganda. Chipukizi changa kabisa kiko huko chini, mahali ambapo baridi haijafika. Ukikaa dakika chache jua likiwa limeingia, utaona barafu inaachia pembeni kwanza, kibamba kinazunguka kidogo, kinapungua, kinaisha. Usichovye kidole. Maji yale ni kinga yake, na yana wadudu wadogo wanaoishi humo.

Ya pili ni Lobelia telekii, iliyopewa jina la Teleki, Mhangari aliyepanda mlima huu hadi nyikani mwaka 1887. Inapenda miteremko mikavu zaidi. Hukaa miaka na miaka ikiwa majani tu, kisha hutoa mnara mmoja unaoweza kumzidi mtu urefu, umefunikwa manyoya ya kijivu toka chini hadi juu. Ikishatoa mbegu, inakufa. Ile ya kwanza huendelea kuishi baada ya kuchanua. Hii hupata nafasi moja tu maishani. Wengi hupita wakidhani haina maua. Yapo: sogeza manyoya kwa kidole kimoja, taratibu, utaona vijiua vya samawati vimejificha ndani. Manyoya yale ni majani membamba yaliyokuja kuwa blanketi.

Simama kando yake kimya na utamwona chozi, ndege wa kijani kinachometameta mwenye mkia mrefu, Nectarinia johnstoni. Anatua kwenye mnara, anaingiza mdomo kati ya manyoya, anazunguka hadi upande wa pili. Dume ana vishada vyekundu kifuani pembeni na huvionyesha akikasirika.

Kutoka hapo ni bonde lenyewe, maporomoko ya Vivienne, mwinuko wa mwisho, na ziwa.

---

Jirani wa Kibo:

Mkuu, huu uzi umeenda shule. Mimi niko Moshi, miguu yangu imezoea Marangu na Machame, njia za Kilimanjaro. Huku kwetu tuna Lobelia deckenii na Dendrosenecio kilimanjari, kwa hiyo habari ya maji kuganda juu na chini yakabaki maji naifahamu vizuri. Ila kusema ukweli, ziwa la kukaa ukingoni namna hiyo kwenye njia zetu hatuna, na ndilo linalonivuta.

Naomba kuuliza mawili. Kwanza, kwa nini mtu asilale hapo hapo ziwani badala ya kujichosha kurudi siku ile ile? Pili, nimeona picha ya ziwa likiwa chini sana, mpigaji akiwa juu ya jabali. Hiyo ni njia ile ile?

---

Mwanamlima:

Karibu sana jirani.

La kwanza: mwenye siku tatu alale. Kuna mahali pa kupiga hema karibu na maji na ni pazuri mno. Uzi huu ni wa yule mwenye Ijumaa jioni hadi Jumapili tu, na wako wengi. Pia kulala kwenye mita 4,000 usiku wa pili tu tangu utoke mjini si kila kichwa kinakubali. Kupanda mchana na kushuka kulala chini ni rahisi kwa mwili kuliko kupanda na kulala huko huko.

La pili: hapana, ni njia nyingine. Jabali lile linaitwa Temple, liko juu ya ziwa kwa kama mita 300. Unalifikia kwa njia ya ukingoni, inayofuata mgongo wa bonde kwenda Hall Tarns, vidimbwi vilivyo juu ya mita 4,200. Njia hiyo ni kavu na mtazamo wake hauna mfano, lakini unaliona ziwa bila kuligusa. Njia ya bondeni ina maji zaidi, tope zaidi na maua zaidi. Kwa siku moja chagua moja. Wanaotaka kupita juu kwenda na bondeni kurudi ndio wanaokutwa na giza.

---

Tochi Mbili:

Naunga mkono habari ya saa saba, na niongeze. Saa ya kugeuka msipange mkiwa mmekaa ukingoni mwa ziwa mnakula mandazi. Pangeni usiku uliotangulia, kila mtu aisikie, na mtu mmoja apewe kazi ya kuitangaza. Juu kule, hewa ikiwa pungufu, kila mmoja hujiona bado ana nguvu ya "dakika kumi tu", na dakika kumi za mlima zinazaa nyingine.

La pili ni nyati. Kati ya getini na Roadhead wapo, na tembo pia hupita. Kipande hicho msikitembee gizani ili kuokoa muda. Pandeni gari hadi Roadhead, subirini mwanga, ndipo mwanze. Na jina langu humu halikuja bure: kila mtu tochi ya kichwani na betri za akiba, hata kama mpango ni kurudi saa kumi.

Getini andikisheni majina mkiingia, na mkitoka mhakikishe mmeandikisha kutoka. Asitegemee mtu kuruhusiwa kupanda peke yake. Chukueni kiongozi wa mlima anayeijua njia ya bondeni hasa, kwa sababu wapo wanaoijua ya ukingoni tu, na ukungu ukishuka tofauti hiyo inakuwa kubwa.

---

Binti Kaskazini:

Asante wote. Viatu? Nimesoma mahali kuwa gumbuti ni marufuku kwa mtu makini, na mahali pengine kuwa buti za ngozi zitaoza kwenye tope la Chogoria.

---

Mkaazi wa Mwimbi:

Dada, mimi nimezaliwa chini ya mlima huu na wapagazi wengi ninaowajua hupita na gumbuti, kwa sababu wanajua wanakokwenda. Nyika ile si udongo wa shamba. Ni tope jeusi lenye kushika maji, limejaa vichuguu vya nyasi. Ukikanyaga katikati ya vichuguu unazama hadi kwenye kifundo. Ukikanyaga juu, kichuguu kinayumba. Ukiwa na gumbuti unapita katikati bila kujali. Ukiwa na buti fupi unarukaruka juu, na hapo ndipo watu huteguka.

Kwenye mwinuko wa mawe gumbuti ni hatari, hilo nalikubali.

---

Mwanamlima:

Mkaazi amesema vyema, ingawa mimi nabaki na buti za kupandia zinazofunika kifundo, zisizopitisha maji, na vifunika miguu vya kuzuia tope hadi gotini. Sababu yangu ni kushuka. Alasiri magoti yamechoka, mawe yameloa, na gumbuti haishiki mguu. Julai kukiwa kumekauka kidogo, buti. Mei mwishoni, kama huna namna ila kwenda, msikilize Mkaazi. Soksi za sufu jozi mbili kwa hali zote. Za pamba zikiloa zinabaki zimeloa.

Na fimbo, dada. Fimbo moja nzuri ya kutembelea inakuambia tope lina kina gani kabla mguu haujajua.

---

Mama wa Watatu:

Hamjambo wanangu. Nimefika miaka hamsini na kitu, natembea kila asubuhi, lakini juu ya mita 3,000 sijawahi. Hizo lobelia zimeniingia rohoni. Niseme kweli, saa kumi za kutembea siziwezi. Kuna namna ya kuziona?

---

Jirani wa Kibo:

Shikamoo mama. Umri peke yake haukuzuii. Kilimanjaro watu wa umri wako na zaidi hufika, na vijana wenye kifua hurudi njiani. Mlima hauangalii misuli.

---

Mwanamlima:

Mama, karibu sana, na namna ipo nzuri tu.

Nenda Ziwa Ellis. Liko upande huu huu, mita 3,450 hivi, na kukiwa kikavu gari zuri linaweza kukufikisha karibu nalo. Si ziwa la majabali. Ni ziwa pana, limelala kwenye nyika wazi, na Mugi Hill iko karibu kwa anayetaka kunyoosha miguu. Kniphofia, Helichrysum, Protea na kabichi zile utaziona zote. Lobelia za penye maji pia huwa huko. Telekii ndiyo itakayokuwa adimu kwa sababu makao yake ni juu zaidi.

Lala getini usiku mmoja kwanza, kunywa maji mengi, na kama una shinikizo la damu au tatizo la moyo au kifua, zungumza na daktari wako kabla. Ukipenda, kaa Ellis asubuhi nzima na mtu wako mmoja. Sitaki uende na lile kundi la vijana linalokimbilia bondeni. Watakuharakisha bila kukusudia.

---

Sitini Kwa Saa:

Nasoma kimya kimya ila hapa niseme kitu. Tulienda na kampuni moja iliyotuahidi ziwa kwa wikendi. Tulitoka mjini saa nne usiku, tukafika Roadhead alfajiri, tukaanza. Saa nne asubuhi rafiki yetu akalalamika kichwa. Akapewa dawa ya maumivu, akaambiwa ajikaze, ni uchovu wa kukosa usingizi. Saa tano akatapika. Baada ya hapo akaanza kutembea akiyumba, miguu inapishana, ukimuuliza jambo anakujibu lingine. Mpagazi mmoja ndiye aliyesema basi, huyu anashuka sasa hivi, na akamshika mkono akamshusha. Kufikia chini kwenye vichaka alikuwa anaongea vizuri tena.

Yule mpagazi hakulipwa kwa uamuzi huo na hakuna aliyemtuma. Namshukuru hadi leo.

---

Mwanamlima:

Pole sana, na huyo mpagazi abarikiwe. Nataka kila anayesoma uzi huu arudie kusoma ujumbe huo kabla ya kuuliza habari ya kamera.

Kichwa kuuma kidogo kwenye mwinuko ni kawaida. Pumzika, kunywa maji, usiendelee kupanda mpaka kitulie. Kichwa kisichotulia pamoja na kichefuchefu au kutapika, siku imeisha, geukeni. Kuyumba, kuchanganyikiwa, au kukosa pumzi hata mtu akiwa amekaa ni hatari ya uhai. Hapo hamsubiri, hamwachi mgonjwa peke yake, hammpi mtu dawa ya maumivu ili afike ziwani. Mnashuka. Kushuka mita mia chache huleta nafuu ambayo hakuna kidonge cha mkobani kitakachokupa haraka hivyo. Kuna dawa za kusaidia mwili kuzoea mwinuko, lakini hizo ni za daktari kukuandikia kabla ya safari, akijua historia yako.

Tena asishuke na mtu mmoja aliyechoka. Gaweni kundi vizuri, ndiyo maana nasema msiende wawili tu na kiongozi mmoja: mmoja akishuka na kiongozi, mwingine anabaki na nani?

---

Mpigapicha wa Alfajiri:

Mimi ni wa picha za karibu, wadudu na maua. Mwanga unakuwaje? Na nikitoka njiani kidogo kufuata ua, kuna shida?

---

Mwanamlima:

Asubuhi mlima huwa wazi. Kufikia saa nne au tano mawingu yanapanda kutoka bondeni, na mchana ni ukungu, mvua, au mvua ya mawe. Kwa hiyo picha za lobelia na barafu, zile za umande kwenye Helichrysum, zote ni za kabla ya saa tatu. Piga ukienda. Ukisema utapiga ukirudi, utakuta ukungu umefunika mnara hadi nusu, ingawa hilo nalo lina uzuri wake. Beba mfuko mzito usiopitisha maji wa kamera na uuweke juu kabisa mkobani.

Kutoka njiani: kwenye mawe, sawa. Kwenye majimaji, la. Mmea wa pale unakua taratibu mno kwa sababu mchana unaishi kwenye kiangazi na usiku kwenye baridi ya kuganda, kila siku ya mwaka. Alama ya kiatu kwenye moss na nyasi zile inadumu muda mrefu. Ukipiga magoti, piga magoti mahali palipokwisha kanyagwa, utumie lenzi kujisogeza.

Wala usichume. Hii ni hifadhi ya taifa tangu 1949 na urithi wa dunia tangu 1997, lakini hata bila sheria, Lobelia telekii uliyoikata imesubiri miaka mingi kutoa mbegu mara hiyo moja.

---

Mkaazi wa Mwimbi:

Na moto! Mwanamlima hukuugusa. Machi 2012 mlima uliwaka, vichaka vikateketea sehemu kubwa. Tulitazama moshi kutoka mashambani na watu wa vijijini wakapanda kusaidia kuuzima. Erica huwaka upesi, ikishika haiulizi. Hakuna kuwasha moto wa kuni, hakuna kutupa kichungi cha sigara, jiko la gesi liwekwe juu ya jiwe tupu au mahali palipotengwa. Januari na Februari kukiwa kikavu ndiyo zaidi.

---

Mwanamlima:

Asante Mkaazi, ilipaswa iwe juu kabisa.

---

Binti Kaskazini:

Tumepanga kundi la watu sita. Mkobani niweke nini ambacho watu husahau? Sitaki orodha ya madukani.

---

Tochi Mbili:

Boshori na glavu, hata kama Chogoria mjini kuna joto. Koti la mvua lenye suruali yake. Watu hubeba la juu wanasahau miguu, na miguu iliyoloa kwenye ukungu wa alasiri ndiyo inayomtetemesha mtu. Chakula kinacholika ukitembea: ngwaci (viazi vitamu) zilizochemshwa, njugu, ndizi. Thermosi ya chai kwa kundi. Mafuta ya kuzuia jua kuchoma, maana jua la mita 4,000 hata kwenye wingu linaunguza, weusi wetu si kinga ya kutosha pale. Na simu iwe mfukoni karibu na mwili, baridi inamaliza chaji. Mtandao bondeni msiutegemee kabisa.

---

Jirani wa Kibo:

Mkuu, swali la mwisho kabla sijaomba likizo: Julai au Januari?

---

Mkaazi wa Mwimbi:

Januari. Asubuhi ni safi zaidi, vilele viwili vya Batian na Nelion unaviona ukiwa Roadhead, barabara ya msituni imeanza kukauka, na mvua za vuli zimeshafanya kazi yake.

---

Mwanamlima:

Hapa tunatofautiana na Mkaazi na hatujawahi kukubaliana. Kwa mtazamo wa vilele, Januari, sibishi. Kwa maua ya chini, hasa Kniphofia na gladiola kwenye kipande cha kwanza, mimi huwapeleka watu Julai mwanzoni: masika yakiisha ardhi inakuwa imeshiba, vijito vimejaa. Utalipia kwa tope na kwa baridi, na kuna siku ukungu haufunguki kabisa.

Wewe umezoea baridi ya Kibo, jirani, na umesema unalifuata ziwa. Njoo Julai. Lala usiku wa kwanza getini, wa pili Roadhead, siku ya tatu tuingie bondeni. Niandikie pembeni ukishapata ruhusa kazini, nikuunganishe na kiongozi anayeijua njia ya Vivienne.